Gari la Matangazo Lililosikika Vizuri

Ndugu zangu, leo nataka tumtazame bwana mmoja aliyekuwa na gari la zamani lenye sauti mbovu. Msimcheke mapema. Nimekaa naye kichwani wiki nzima, na bado sijajua nimweke upande gani.

Gari lake lilikuwa pikapu iliyochoka, rangi yake ya bluu imebaki milangoni tu. Siku za kawaida lilibeba ndizi na viazi kutoka mashambani kwenda sokoni. Lakini juu ya paa zilifungwa spika mbili zenye mdomo mpana kama tarumbeta, na mji ule mdogo wa milimani ulilijua zaidi kwa kazi nyingine. Mtu akifariki, jamaa walikwenda kwa huyu bwana, naye akazunguka kutangaza msiba. Kazi hiyo hakumtoza mtu. Watu walimwita Baba Tusekile, kwa jina la binti yake mkubwa.

Sasa sikilizeni jinsi gari lile lilivyotangaza. Injini ikiwaka, spika nazo zinaanza kulia. Akikanyaga mafuta, mlio unapanda; akiachia, unashuka, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Hakuna neno lililoweza kupita katikati ya mlio ule. Kwa hiyo kila kona ilimbidi azime injini kwanza ndipo aseme. Na hata akisema, sauti ilitoka vipande vipande. Mtu aliyekuwa jikoni kwake alisikia, "Tunasikitika kuwatangazia... mzee... wa... kesho saa..." Basi. Jina halikufika, na saa haikufika.

Ungefanya nini wewe, umesikia kwamba kuna mtu amekufa na hujui ni nani? Utakaa? Unaweza kuendelea kumenya viazi, ilhali huenda ni mjomba wako?

Walitoka. Mama huyu na kisu mkononi, baba yule na sabuni bado iko shingoni, wote wanashuka mpaka barabarani kuuliza. Na katika mji ule kulikuwa na desturi moja. Ukiuliza msiba ukajibiwa, huondoki hivi hivi. Ukishaambiwa, "Ni mzee fulani," lazima nawe useme una nini. Mmoja anasema, "Basi mimi nina kuni." Mwingine, "Nitakuja na jembe." Mwingine hana kitu, anasema atachota maji. Kuuliza jina la marehemu kisha ukafunga mdomo na kurudi ndani kulihesabiwa kuwa ni kumtukana.

Kisha gari likakataa kuwaka, maana betri nayo ilikuwa imechoka kama mwenyewe. Basi wale wale waliokuja kuuliza wakalisukuma. Wanalisukuma huku wanapangana nani atabeba mahema, na wanamtania dereva kwamba siku yake ikifika, gari lake litawaua wasukumaji kabla hawajafika makaburini. Likishika moto, anakwenda kona ya pili, anazima, anaanza upya. Alikuwa akitoka nyumbani asubuhi anarudi jioni, mabega yanauma, sauti imekauka, na aibu juu.

Ndiyo, aibu. Alikuwa akiona aibu sana.

Siku moja akafariki mkunga mstaafu. Kaka yake akaja kutoka mbali kwa maziko, akamsikia Baba Tusekile anavyotangaza pale njia panda. Alingoja amalize, akamsogelea dirishani, akamwambia taratibu, bila kugomba, "Dada yangu amewapokea watoto wa mji huu kwa mikono yake. Leo amekufa, na jina lake limeshindwa kutoka kwenye bati lako."

Maneno yale yalimkaa. Niambieni, ndugu zangu, mtu akibeba maneno kama hayo nyumbani kwake, akaamua kutengeneza vyombo vyake, tutasema amekosa? Hakutaka sifa. Hakutaka muziki wa kutingisha vioo. Alitaka marehemu atajwe kwa jina lake lote, akasikike.

Akalipeleka gari kwa fundi redio. Fundi alilala kifudifudi chini ya usukani, akavuta waya hizi na zile, kisha akatoka akicheka.

"Mzee," akamwambia, "injini na spika wamekuwa wakila sahani moja miaka yote. Ndiyo maana mmoja akitafuna, mwingine analia."

Akazitenganisha waya. Akaufunga waya mnene wa spika moja kwa moja kwenye betri, akautafutia ule wa pili mahali pasafi pa kushika kwenye chuma cha bodi, akaweka na chombo kidogo cha kuchuja mlio wa injini. Amplifaya ya zamani ikatoka, ikaja mpya. Spika zikaja mpya. Betri ikaja mpya. Kisha akamwambia, washa, kanyaga mafuta, useme.

Baba Tusekile akawasha, akakanyaga, akasema, "Moja, mbili." Injini ilikuwa inanguruma na sauti yake imetoka juu yake kama maji ya kisima. Alikuwa hajawahi kuisikia sauti yake mwenyewe namna ile. Fundi anasema alikaa pale anaitazama dashibodi kama mtu aliyeitwa na mtu asiyemwona.

Msiba uliofuata aliutangaza akiwa anatembea. Hakuzima gari hata mara moja. Alipita polepole, jina la marehemu linakwenda mbele yake mpaka kwenye mashamba ya chai, na watu madirishani wanampungia mkono, wanamwonyesha dole gumba. Aliyekuwa jikoni alisikia akiwa jikoni. Aliyekuwa kitandani anaumwa alisikia akiwa kitandani. Saa sita mchana alikuwa amemaliza, amekaa kwake anakunywa chai.

Na kwenye maziko watu walikuwa wachache.

Akasema labda ni mvua.

Msiba wa pili, jua lilikuwa linawaka, na watu walikuwa wachache zaidi. Akasema labda spika zinatazama upande mmoja tu. Akarudi kwa fundi, wakafunga nyingine ya kutazama nyuma. Ili awe na hakika, akamtuma mkewe asimame ng'ambo ya bonde, naye akatangaza msiba wa kubuni kwa sauti ya kawaida. Mkewe aliporudi alimweleza kila neno, hata pale alipokohoa. Akamwonya asirudie tena mchezo wa kutangaza vifo vya uongo.

Msiba wa tatu, mambo ni yale yale.

Hapo bwana yule akachanganyikiwa. Akawaza labda watu wamechoka na misiba. Akawaza labda amewaudhi, wanaona anajivuna na vyombo vipya. Sokoni akawauliza mmoja mmoja, tena kwa kuzunguka, kama mtu anayeulizia habari za jirani: je, tangazo la juzi mlilisikia? Wote wakamjibu kwa furaha. Tulisikia, Baba Tusekile. Safi kabisa. Sasa hivi unatangaza kama redio. Walimtajia jina la marehemu, la baba yake, saa ya maziko, na njia ya kufika. Hakuna aliyekosea. Na hakuna aliyekwenda. Wala hawakuonekana kuona ajabu yoyote katika hilo.

Nyinyi mnaelewa? Mimi nilipofika hapa katika habari hii nilikwama. Kama wangesema hawakusikia, tungejua la kufanya. Lakini mtu aliyesikia kila kitu, utamwongezea nini?

Ndipo akafa mshona viatu.

Alikuwa mzee mpole aliyeketi karibu na soko na sindano yake, na hakuna mguu katika mji ule ambao hakuwahi kuushika. Alikuwa pia rafiki wa Baba Tusekile, kwa hiyo tangazo hili alilitangaza kwa moyo wote. Alipita jioni, akapita tena alfajiri kabla watu hawajatawanyika. Alilitaja jina la mzee, akataja na kazi yake, ili asiwepo mtu wa kusema hakumjua. Maziko saa nane mchana, nyuma ya nyumba yake, kando ya migomba.

Saa nne asubuhi akaenda kuona kazi imefikia wapi. Uani palikuwa na mjane na dada yake, wamekaa kwenye mkeka. Hakukuwa na moto. Hakukuwa na maji kwenye mapipa. Akazunguka nyuma ya nyumba akamkuta ndugu wa marehemu, mzee naye, yuko peke yake na jembe moja, kaburi limemfika magotini.

Akarudi uani. Mjane akamtazama.

"Shemeji," akamuuliza, "ulitangaza?"

"Nilitangaza, shemeji."

"Jina lake ulilitaja?"

"Nililitaja. Mara nyingi."

Yule mama akavuta kanga yake mabegani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Basi watu walikuwa na neno na mume wangu, na mimi sikulijua."

Ndugu zangu, simameni hapo na huyu bwana. Angemjibu nini? Amwambie hawakusikia? Ni uongo, mji mzima umesikia. Amwambie wamesikia? Ndiyo atakuwa amelikaza lile neno moyoni mwa mjane: kwamba mumewe, aliyeishi na watu vizuri, alichukiwa kimya kimya miaka yote, na leo ndipo ilipojulikana. Mama yule alikuwa anakaribia kumpoteza mumewe mara ya pili, na aliyemfikisha hapo ni rafiki yake mwenye sauti safi.

Akatoka mpaka kwenye gari. Akashika kipaza sauti. Akakibonyeza, akavuta pumzi, na hakuona la kusema. Kila kitu kilikwisha kusemwa. Jina walikuwa nalo, na saa walikuwa nayo. Akakirudisha mahali pake, akafunga mlango wa gari, akaondoka kwa miguu, bila kujua anakwenda kufanya nini.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Gwamaka. Alimkuta barazani anachambua maharage, na miguuni amevaa viatu vilivyotiwa kiraka na marehemu mwenyewe. Alimpokea vizuri, akampa pole nyingi, akasema habari wameipata tangu jana, maziko si ni saa nane? Baba Tusekile akasema ndiyo, ni saa nane. Kisha akakaa kimya.

Mama Gwamaka akaendelea na maharage. Baadaye akaona mgeni haondoki.

"Mbona umesimama, baba? Kuna kingine?"

"Nakutazama tu, mama. Umesikia, na uko hapa."

"Si nilijua watu watakuwa wengi. Umetangaza mpaka ng'ambo ya mto, nani atakosa?" Mkono wake ukasimama ndani ya ungo. "Hata sijui. Zamani nilikuwa natoka. Nilikuwa natoka kwa sababu sikusikii. Nikitoka nakuta na wengine wametoka, basi, tumekwisha kuwa msibani pale pale barabarani. Sasa nikisikia naona kama nimekwisha kwenda."

Alisema hivyo akashangaa mwenyewe, kama mtu aliyekuta kitu cha mtu mwingine mfukoni mwake. Wakatazamana. Hakuna kati yao aliyejua alaumiwe nani.

Kisha yule mama akauliza, "Nani anachimba?"

Alikuwa ameuliza. Ndugu zangu, alikuwa ameuliza msiba, na desturi yao mnaijua. Baba Tusekile akamjibu, "Mdogo wake marehemu, peke yake." Mama Gwamaka akaweka ungo chini, akasema, "Basi mimi nina vijana wawili na majembe, na kuni zangu za jana." Akajifunga kanga kiunoni, akaenda kuwaita wanawe, ambao walikuwa ndani wakati wote huo.

Bwana yule hakuelewa vizuri alichokiona, lakini alikirudia. Nyumba ya pili akapiga hodi, akakaribishwa, akasimama tu. Hakutangaza. Wenyewe wakamaliza kumweleza kila walichosikia, kisha wakaishiwa maneno, na mtu aliyeishiwa maneno mbele ya mgeni asiyeondoka mwisho huuliza. "Maji yapo kule?" Akajibu, "Hayapo." "Basi sisi tutapeleka." Nyumba ya tatu wakauliza nani atapika. Nyumba ya nne walimwona anakuja na nyuma yake kuna watu, wakauliza wakiwa bado mlangoni.

Mzee alizikwa saa kumi. Saa haikuwa ile iliyotangazwa. Kaburi lilikuwa refu kama inavyotakiwa, na watu walijaa mpaka migomba ya jirani ikakanyagwa. Mjane aliwatazama wote wale. Kama alijua wamekuja kwa upendo au kwa haya, sijui. Nadhani na wao wenyewe hawakujua. Lakini jioni ile alimwambia dada yake, "Kumbe hawakuwa na neno naye."

Na hapo, ndugu zangu, habari ya bwana yule inaishia. Sasa ni sisi.

Msije mkatoka hapa mkisema mchungaji amehubiri kwamba vyombo vibovu ni bora kuliko vizima. Sikusema hivyo. Kaka wa yule mkunga alikuwa na haki, dada yake alistahili kutajwa kwa jina lake lote. Fundi alifanya kazi nzuri. Baba Tusekile alikuwa na nia safi kuliko nia zangu nyingi. Na wale watu wa majumbani hawakuwa wabaya. Si mmewaona walivyoinuka? Nimewatafuta waovu katika habari hii nikawakosa. Na bado palikuwa na mjane uani bila maji wala moto, na mzee mmoja ndani ya kaburi lililomfika magotini. Hilo ndilo linalonichanganya. Inawezekana kumbe kila mtu akawa mwema nyumbani kwake, na jirani akaachwa.

Sisi tunasikia. Hakuna watu waliowahi kusikia kama sisi. Habari ya mgonjwa inatufikia tukiwa tunapiga mswaki. Tunaambiwa fulani amefiwa, fulani amefungiwa nyumba, fulani mtoto wake hajaenda shule, na tunasema "jamani," tena tunasema kweli, moyo unaguswa. Kisha ule mguso wa moyo tunauhesabu kama safari. Tunajisikia tumekwisha kwenda. Tunalisikia na Neno la Mungu hivyo hivyo. Tunalijua, tukiulizwa tunalisema bila kukosea, jina na saa. Je, Mungu alitaka tu kusikika? Au alitaka tutoke nje tumuulize, "Bwana, nani anachimba?"

Kuuliza kuna hatari, ndiyo maana tunaogopa kuuliza. Anayesikia anaweza kuendelea na maharage yake. Anayeuliza amekwisha kujifunga kanga.

Katika usharika wetu kuna nyumba moja. Mwenye nyumba ile amelala mgonjwa tangu kabla ya mavuno. Jina lake limesomwa hapa mbele Jumapili nyingi, limesomwa vizuri, na wote mmelisikia, nami naamini mmemwombea. Mkewe alikuja kwangu juzi. Hakuja kuomba kitu. Alitaka kujua kama mume wake amewakosea watu wa kanisa hili.

Leo sitalisoma jina lile. Tukimaliza ibada nitakaa pale nje kwenye ngazi, na sitatangaza lolote. Nitangoja mniulize.